Dawa ya Asubuhi, Dawa ya Jioni

Nilikaa miaka sita katika chumba cha uani cha nyumba ile, na sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho wenye nyumba walikuwa hawasemezani. Walikuwa wawili, dada na mdogo wake wa kiume, wote watu wazima waliovuka miaka arobaini. Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule, akifanyia kazi chumba cha mbele, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mdogo wake alifanya kazi kiwanda cha mbao. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka hata akikaa, kwa hiyo wenzake wa kazini walimbatiza jina la Rula, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Mama yao peke yake ndiye aliyemwita kwa jina alilompa mwenyewe.

Mama huyo alifia hospitali, juu ya meza ya upasuaji. Siku hiyo Fundi alikuwa ameshinda naye tangu alfajiri, na mchana akarudi nyumbani kuoga na kufua nguo za mgonjwa. Rula akabaki. Saa tisa alasiri madaktari wakaja na fomu. Walisema utumbo umejisokota, na wasipopasua mgonjwa hatafika kesho. Rula akasaini. Fundi aliporudi na kikapu cha nguo safi alikuta kitanda kitupu, shuka limekwisha kubadilishwa. Mbele ya watu waliokuja kuhani msiba alimtolea mdogo wake maneno mengi ambayo sitayarudia, ila la mwisho lilikuwa kwamba amesaini kifo cha mama yao kama mtu anayepokea mzigo wa mbao. Tangu hapo kila mmoja akafunga mdomo wake.

Lakini nyumba haiendeshwi kwa kununiana tu. Maji hukatika, gesi huisha, watu huja kugonga. Ikabidi wapate njia, na njia waliyoipata ni mbwa.

Mbwa alikuwa wa marehemu. Mama ndiye aliyemwita Bawabu, kwa sababu tangu udogo wake mbwa huyo alipenda kujilaza kizingitini, na kila anayeingia sharti amruke au ambembeleze asogee. Alikuwa mkubwa, rangi ya kahawa, sikio moja limesimama na jingine limelala, na macho ya mtu anayesubiri umalizie sentensi. Fundi akiwa na jambo alimgeukia yeye: "Bawabu, mwambie mwenzako gesi imekwisha." Na Rula, amesimama hatua mbili tu kutoka pale, anamjibu mbwa kwamba amekwisha kuagiza, inaletwa leo. Ukiwa mgeni ungedhani wamerukwa na akili. Siku moja Fundi alitoka uani akaanza kumweleza Bawabu, kwa kirefu, habari za watu wanaoacha choo kichafu. Bawabu akamsikiliza mpaka katikati, akanyanyuka, akaondoka zake. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikajiziba mdomo kwa mto.

Mimi nilikuwa mhazili wa shule ya msingi. Nilitoka saa moja asubuhi, nikarudi saa kumi na moja jioni. Nazitaja saa hizo kwa sababu zina uzito katika haya ninayoyaeleza.

Bawabu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kipindi cha baridi kilipoingia tuliona ameanza kuchelewa kuamka. Alianza kwa miguu ya mbele, halafu akakaa hapo kama amesahau kilichobaki, halafu akaivuta miguu ya nyuma kwa kuguna. Sakafu ya saruji ilimtelezesha. Kutoka mlango wa jikoni kushuka uani kulikuwa na ngazi mbili, na hizo mbili zikawa mlima kwake. Alisimama juu akizitazama, anapeleka mguu, anaurudisha. Mapaja yake ya nyuma yalikonda yakawa kama si yake. Jioni moja alijaribu kukaa, akashindwa, akabaki amejikunja nusu, akitetemeka. Nilikuwa naanua nguo. Nilimwona Fundi dirishani, akitazama, na Rula mlangoni, akitazama. Hakuna aliyemwambia mbwa neno.

Jumatatu iliyofuata Fundi alifunga kazi, akakodi teksi, akampeleka kwa daktari wa wanyama. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye. Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza Bawabu nyonga, akamkunja magoti taratibu, akaeleza kwamba maungio yamelika, yanavimba kwa ndani, na misuli inasinyaa kwa sababu mbwa anaogopa kuutumia mguu unaomuuma. Uzee wenyewe hautibiki, alisema, ila maumivu yanapunguzika. Akampa chupa ya dawa ya maji ya kutuliza uvimbe na maumivu, pamoja na bomba dogo lisilo na sindano, lenye alama za uzito wa mbwa. Mara moja kwa siku, asubuhi, juu ya chakula, kamwe si tumbo tupu. Asichanganye na dawa nyingine yoyote ya maumivu, iwe ya mbwa au ya binadamu. Akiacha kula, akitapika, au choo kikiwa cheusi, aache dawa na amlete siku hiyo hiyo.

Fundi aliyashika yote. Ni mtu wa vipimo. Chupa akaificha kwenye droo ya cherehani, chini ya rili za uzi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini aifiche, alisema hakutaka Rula awe na neno lolote tena juu ya mgonjwa yeyote wa nyumba ile.

Wiki hiyo hiyo Rula naye alikuwa na lake, kama alivyokuja kunieleza. Kiwanda cha mbao kilikuwa na mbwa wa ulinzi, na mlinzi akamwelekeza kwenye duka la dawa za mifugo lililo barabara ya nyuma. Muuzaji alimuuliza mbwa ana uzito gani, ana umri gani, kisha akamuuliza kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia. Rula akasema hapana. Alisema bila kusita, maana ndivyo alivyojua. Akapewa vidonge vya kutuliza maungio, kimoja kwa siku, baada ya chakula. Aliviweka mfuko wa ndani wa koti la kazi. Sababu yake ya kuficha haikuwa mbali na ile ya dada yake: alijua Fundi akiona atasema ameanza tena kuwaamulia wengine wasiyoyajua.

Basi asubuhi, nikifunga mlango wangu, nilimwona Fundi amechuchumaa uani, anammiminia Bawabu dawa juu ya wali wake. Na jioni, nikifungua mlango huo huo, nilimwona Rula kwenye kona ya ukuta, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi, anabinya kidonge ndani ya kipande cha nyama.

Niliona yote mawili. Nilidhani daktari ametoa dawa ya maji kwa asubuhi na vidonge kwa jioni, na kwamba hawa wawili wamegawana zamu. Nilifurahi. Nilijisemea kwamba pengine kupitia mbwa huyu watarudi kuwa ndugu. Siku moja nilitaka kumwambia Fundi nilivyofurahi. Neno lilifika mdomoni kabisa, nikalimeza. Niliogopa nikiwagusia wataona haya, wataacha.

Na Bawabu alipata nafuu, tena nafuu ya kuonekana. Siku ya nne alishuka ngazi mbili bila kusimama. Siku ya saba alimkimbiza paka wa jirani mpaka ukutani, kisha akabaki pale ameduwaa, maana hakuwa na mpango wa nini cha kufanya akimpata. Alirudi kulala kizingitini. Nyumba ikachangamka. Fundi aliimba akishona. Rula alimtengenezea mbwa kitanda cha mbao chenye miguu mifupi, kimepigwa msasa vizuri kuliko kabati langu. Kila mmoja aliamini dawa iliyomwinua Bawabu ni yake, na kila mmoja alimpa mbwa sifa zilizokusudiwa kumchoma mwenzake.

"Unaona, Bawabu," Fundi alisema asubuhi moja, kwa sauti ya kusikika ndani, "ukiwa na mtu mmoja tu anayekujali kweli, unapona."

Jioni yake Rula akamwambia mbwa maneno yale yale, karibu neno kwa neno.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Bawabu aliacha chakula. Alikinusa, akalala kando yake. Mchana akatapika povu. Fundi hakumpa dawa kesho yake, kama alivyoelekezwa, lakini hakumpeleka kwa daktari siku hiyo. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, chumba cha mbele kimejaa wazazi na watoto wao, naye alijipa moyo kwamba mbwa ameokota kitu jalalani. Alipanga ampeleke Jumamosi. Jioni ya Ijumaa Rula alirudi, akamkuta Bawabu amejikunja, mgongo umepinda kama upinde. Akadhani nyonga zimemrudia. Alimpa kidonge, akaongeza na nusu.

Jumamosi asubuhi sikwenda kazini. Niliamshwa na sauti ya Fundi akiita uani, na hakuwa akimwita mtu yeyote kwa jina. Nilitoka. Bawabu alikuwa ameanguka chini ya ngazi. Pembeni yake kulikuwa na choo cheusi, cheusi kama lami, na fizi zake zilikuwa nyeupe. Rula alikuja amevaa shati nusu, koti la kazi begani. Bila kuulizana wakaleta blanketi, mmoja akashika pembe za kichwani na mwingine za miguuni, wakamnyanyua. Mimi nikakimbilia teksi, na ndivyo nilivyojikuta nimekwenda nao.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza ya bati, taa inayovutika, na ukutani picha ya mifupa ya mbwa. Daktari alimpapasa Bawabu tumbo, na Bawabu, ambaye sikuwahi kumsikia akilia, akalia. Daktari akamwekea maji ya mshipani, akachukua damu, huku akimuuliza Fundi mambo kwa utaratibu: dawa alianza lini, alimpa kiasi gani, juu ya chakula au la. Fundi alijibu yote kwa usahihi. Daktari akatazama tena namba kwenye karatasi.

"Hakuna dawa nyingine aliyopewa?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Fundi.

Rula alikuwa amesimama mlangoni. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi ya vidonge. Vilikuwa vimebaki vichache. Akaiweka juu ya meza ya bati, karibu na mguu wa mbwa, akaondoa mkono.

Daktari aliisoma. Akaeleza polepole, bila kumkemea yeyote. Hizi dawa ni za ukoo mmoja, alisema. Kila moja peke yake ingemfaa Bawabu, pengine kwa miaka. Lakini nguvu ile inayozuia uvimbe kwenye maungio ndiyo hiyo hiyo inayopunguza kinga ya tumbo, na inayobana damu inayokwenda kwenye figo. Mbwa alikuwa akipata mara mbili, kila siku, kwa zaidi ya wiki mbili.

Nilimtazama Fundi, nikatazama chini. Mimi ndiye mtu pekee katika chumba kile ambaye taarifa hiyo haikuwa mpya kwake, na sikusema kitu.

Saa nne daktari alirudi. Tumbo la Bawabu lilikuwa na kidonda, na kidonda kilikuwa kimetoboka. Kulikuwa na njia mbili. Angeweza kumpasua saa hiyo hiyo na kujaribu kuziba, ingawa kwa umri wake na kwa figo zile matumaini yalikuwa madogo sana. Au angeweza kumchoma sindano ya kumlaza, asisikie tena maumivu, nao wakiwa wamekaa naye. Alituacha tufikirie.

Bawabu alikuwa amelala ubavu, anahema haraka. Rula alipiga magoti kando ya meza ili uso wake uwe sawa na uso wa mbwa. Halafu akainua kichwa, akamtazama dada yake.

"Dada, amechoka," alisema. "Tumwache apumzike."

Kwa miezi minane na zaidi, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Kama kuna nafasi, hata iwe ndogo namna gani, apasuliwe."

"Dada."

"Siwezi kusimama hapa nisifanye kitu. Siwezi."

Rula akasema sawa. Daktari akaleta fomu, na Fundi akasaini. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na alipomaliza aliendelea kushika kalamu mpaka daktari akaomba arudishiwe.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Kulikuwa na mwanamke mwenye paka ndani ya kikapu, na mzee aliyekuja kununua dawa ya viroboto. Haikufika saa sita. Daktari alitoka amekwisha kuvua glovu, na tulijua kabla hajafika. Alisema moyo ulisimama wakiwa bado wanatafuta mahali pa kushona. Alisema Bawabu hakusikia chochote, alikuwa usingizini.

Fundi alimgeukia Rula. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwenzake vile. Alikuwa anasubiri amwambie. Maneno yalikuwepo, yale yale aliyoyasema yeye mbele ya waombolezaji miezi ile minane nyuma, na yangemtosha kama nguo iliyopimwa. Alikaza mabega kuyapokea.

Rula hakuyasema. Alimuuliza daktari kama wanaweza kumchukua Bawabu kwa blanketi lile lile. Daktari akasema wanaweza.

Walimzika uani, upande wa ukuta usio na bomba. Rula alichimba, Fundi akashikilia blanketi. Siku tatu zikapita. Walianza kusemezana kwa vijineno: kuna chai, funga dirisha, nipishe. Jioni ya siku ya nne nilikuwa kwenye karo nikifua, Rula anapiga brashi viatu vyake vya kazi, na Fundi akatoka, akakaa kwenye ngazi. Nilitaka kuingia ndani. Fundi akaniambia niendelee tu.

Akamuuliza mdogo wake siku ile hospitali ilikuwaje.

Rula aliendelea na kiatu kwa muda. Kisha akaeleza. Alisema alimpigia simu mara nyingi, na simu haikupatikana. Fundi akaitikia kwa kichwa. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, hilo alilijua siku zote. Rula alisema aliwaomba madaktari wamsubiri dada yake, wakasubiri nusu saa, kisha wakakataa. Alisema mama hakuwa amepoteza fahamu kama watu walivyodhani.

"Alinishika shati," alisema. "Akaniambia, mwanangu, fanya lolote, hiki kitu kinaniua. Sikujua lolote ni lipi. Walinipa karatasi, nikasaini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kelele. Halafu ukawa unaongea na mbwa."

Fundi alijifunika uso kwa viganja. Alilia kwa muda mrefu, bila sauti, mabega tu. Rula aliweka kiatu chini lakini hakumsogelea, na nadhani alifanya vyema.

"Juzi kwa daktari mkono wangu ulisaini wenyewe," alisema Fundi mwishowe. "Sikuuambia."

Mimi nilikaa na langu wiki nzima. Halikunipa usingizi. Mwishowe nilimfuata Fundi chumba cha mbele, akiwa anapindia sketi, pini zimejaa mdomoni. Nikamwambia niliwaona. Yeye asubuhi, Rula jioni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa mkononi mwake.

"Zote mbili uliziona."

"Niliziona. Nilidhani mmegawana zamu."

"Ukanyamaza."

"Nilifurahi, dada. Nilidhani nikisema nitaharibu."

Aliniamini, na aliniambia hivyo. Alisema pia kwamba kama kuna wa kulaumiwa, mpangaji wa uani ni wa mwisho. Rula naye, alipoambiwa, alikuja kunisalimia makusudi, akasema wao waliokuwa ndani ya nyumba moja ndio waliopaswa kuulizana. Hawakunifukuza. Lakini tangu siku ile, kila Fundi alipochuchumaa uani asubuhi kuokota nguo au kumwaga maji, na mimi nikafungua mlango wangu, alishtuka kidogo, akageuka kutazama nimesimama wapi. Hakufanya kusudi. Mwezi uliofuata nilipata chumba karibu na shule, nikahama. Rula alinibebea kitanda.

Nilikutana na Fundi mara moja tu baada ya hapo, alipoleta sare ofisini kwetu. Alikuwa amekonda, lakini amevaa vizuri. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema asubuhi hiyo yeye na mdogo wake wamegombana, uso kwa uso, kwa ajili ya feni ambayo Rula aliiacha inazunguka usiku kucha, na kila mmoja ameondoka amekasirika. Aliniambia hayo kama mtu anayetoa habari za mgonjwa aliyeanza kula. Bawabu hatukumtaja. Tulizungumza kidogo habari za vitambaa, vinavyopauka upesi siku hizi, kisha akachukua mkoba wake akaenda.